Hapa Hakuna Kitu

Katika miaka yake thelathini na saba Jeska amesikia utabiri mwingi kuliko mvua, na mtabiri wake wa kwanza alikuwa baba yake mzazi. Mzee Leonardi alikuwa na utabiri mmoja tu. Aliurudia kila Januari kambini Tanzania, upande wa Ngara kwanza na baadaye Kasulu: "Mwaka ujao tunarudi nyumbani." Alianza kuusema vita vya tisini na tatu vilipowavusha mpaka, Jeska akiwa na miaka minne. Akausema mwaka uliofuata, na uliofuata huo, mpaka mkewe akafa akiwa bado anauamini. Mwaka wa kumi na tisa kambi ilifungwa, watu wakapakiwa kwenye malori, naye Leonardi akasimama nyuma ya lori akitangazia kila mwenye masikio, "Si niliwaambia?"

Kwa hiyo mtu akianza kumweleza Jeska habari za miaka ijayo, uso wake hukunjamana kabla sentensi haijafika mwisho. Wenzake humwita mjuaji. Kachoka tu, basi, na uchovu wa kungoja ni mbaya kuliko wa kulima, maana wa kulima unalala nao ukaamka umepungua.

Jambo jingine alilolipata kambini ni mkono wa kuchora. Walikuwa wakija wageni na kalamu za rangi, wanawakalisha watoto kwenye turubai na kuwaambia wachore nyumbani kwao. Jeska hakukumbuka nyumbani hata jiwe moja. Alichora alichosimuliwa na baba yake: mlima wa Butihinda, chemchemi, miparachichi miwili, shamba linaloteremka mpaka bondeni. Mgeni mmoja aliipenda picha hiyo, na Jeska akapewa pakiti nzima ya biskuti. Wiki iliyofuata akaongeza njiwa, kwa sababu alikwisha kuona kwamba wageni wanapenda njiwa, na pakiti zikawa mbili. Akaelewa hapo hapo, na miaka yake saba, kwamba mwenye kalamu za rangi huja na picha yake kichwani, na kazi yako ni kuibahatisha.

Waliporudi Butihinda walilikuta shamba, na shambani walimkuta Nazario.

Nazario na Leonardi walichunga mbuzi pamoja utotoni. Hakuwa mwizi. Aliambiwa na wakubwa wa wakati ule kwamba familia ya Leonardi imekwisha, ardhi isikae bure, naye akalima, akapanda kahawa, akaoza mabinti kwa jasho alilolimwaga pale. Kila upande ulikuwa na haki yake, na hilo ndilo linalokera, kwa sababu kesi ya mwizi ni rahisi. Wazee wa mlima, maana kwao mlima ndio kijiji, walilikata shamba vipande viwili, cha juu kwa Nazario, cha chini kwa Leonardi, kila mtu alime upande wake wakati mahakama inaamua. Nazario akakata rufaa, Leonardi naye akakata yake. Faili likapanda Muyinga mjini, likashuka, likapanda tena, na likalala huko. Leo ni mwaka wa kumi na moja.

Kwenye mlima wao watu wenye kesi hawanywi pamoja. Hata wakikutana harusini, mirija yao haiingii chungu kimoja. Siku itakapoingia, wazee watahesabu kwamba wamepatana na kesi imekufa. Ndiyo maana kila mwaka Mzee Leonardi huwa anafukia ndizi shimoni, anazikamua, na kutenga dumu moja la pombe analoliita la Nazario. Anaweka na mirija miwili mirefu, ameichomeka kwenye paa la jiko. Kila mwaka pombe inachachuka, wanaimwaga au wanainywa wenyewe na kukunja midomo, na mzee anasema, "Mwaka ujao tutainywa naye, karatasi ikitoka." Macho yake siku hizi yana ukungu. Anataka mambo mawili tu kabla ya kufa: aipapase karatasi yenye jina lake, na anywe na Nazario. Huyo ndiye baba ambaye Jeska anamlisha, anamfulia, na kumdanganya inapobidi.

Na waliorudi kutoka uhamishoni wana sheria moja wanayofundishana bila kuandika: shamba lenye kesi halionyeshwi. Hulipigi picha. Husemi ukubwa wake. Hunyooshi kidole kuelekea huko mbele ya mgeni, kwa sababu utakalosema leo wakili wa mwenzako atalisoma kesho. Leonardi alimkaririsha binti yake sheria hiyo mpaka ikamwingia kwenye damu.

Sasa, mwaka jana mwezi wa pili, mkuu wa mlima alimletea Jeska barua. Kulikuwa na mradi unaoitwa Kesho Yetu, unakusanya wakulima Gitega kwa siku mbili wazungumze dunia itakavyokuwa mwaka elfu mbili hamsini. Walitaka mwanamke, aliyerudi kutoka nje, anayejua kusoma. Mlimani pale sifa hizo tatu zilikutana kwa Jeska peke yake. Aliacha palizi, akaenda.

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na ukuta mweupe wa kuonyeshea picha. Aliyewaongoza aliitwa Magloire, Mkongomani wa Uvira, mtu mchangamfu mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye kola. Aliwaonyesha miaka ijayo kama mtu anayeonyesha picha za harusi yake. Magari yatajiendesha yenyewe. Simu itakwambia saa ya mvua kunyesha. Mashine itajibu maswali yako kwa lugha ya bibi yako. Wakulima watakuwa wachache, lakini mmoja atavuna kuliko mia wa leo. Kila mlima utakuwa na soko la kisasa lenye chumba cha baridi, na nyanya haitaoza tena.

Mama mmoja wa Itaba, Theodosia, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani, aliinua mkono. "Wakulima watakuwa wachache. Sasa sisi wengine, hawa wasiokuwa wachache, mtatuweka wapi?"

"Iyo swali iko muzuri sana, Mama," alisema Magloire. "On va y revenir, tutairudilia kisha ya pause."

Wakala sambusa, wakanywa Fanta, wakarudi kwenye viti. Swali la Theodosia halikurudi. Jeska alilingoja mpaka jioni, kama alivyozoea kungoja.

Siku ya pili waligawiwa karatasi kubwa za manila. Kazi ilikuwa kuchora mlima wako kama ulivyo, kisha kubandika juu yake mambo ya mwaka hamsini, ambayo mradi uliyaleta yakiwa yamekwisha kukatwa: barabara nyeusi, nguzo za umeme, minara ya simu, soko lenye paa la buluu. Theodosia, ambaye hajawahi kukimbia kwao hata siku moja, alianza na nyumba yake mwenyewe, kubwa kuliko kanisa, na mbuzi mlangoni. Jeska alianza na chemchemi. Mkono wake haukusahau. Alichora kanisa, shule, mashamba ya kahawa, nyumba ya Nazario na migomba yake, njia ya kwenda mpakani Kobero. Watu walisimama nyuma yake kumtazama. Akachora mpaka akafika kwao, na hapo mkono ukasimama.

Hakuchora shamba. Hakuchora mparachichi uliobaki wala nyumba yao iliyo ukingoni mwa shamba. Alizunguka mahali pale kwa uangalifu, kama mtu anayefagia kuzunguka kitanda cha mgonjwa, akapaacha peupe.

Magloire aliinama. "Na hapa, Mama Jeska? Iko nini?"

"Hapa hakuna kitu."

"Vraiment? Pahali pakubwa hivi?"

"Hakuna kitu," alisema Jeska, na akaona fahari kidogo moyoni, jinsi alivyoificha mali ya baba yake mbele ya mgeni bila hata kupepesa jicho.

Basi Magloire, kwa furaha ya mtu aliyepata nafasi, alichukua lile soko la paa la buluu na kulibandika palepale. Lilikaa sawasawa. Jeska aliliangalia. Alitaka kusema neno, akajiambia, ni karatasi tu. Aliweka sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria, akapigwa picha ameishika manila yake, akatabasamu kwa sababu waliambiwa watabasamu.

Kurudi Muyinga kulimchukua siku mbili. Hapakuwa na mafuta mji mzima. Watu walioahidiwa magari yasiyo na dereva walishinda stendi pamoja na madereva wasio na mafuta, wakitazama foleni ya vituo ikizunguka mpaka nyuma ya soko. Theodosia aliamua kwenda kwao kwa miguu. "Mwaka hamsini nitakuwa nimefika," alimwambia Jeska, na akajitwisha mzigo wake.

Miezi tisa ikapita, na Jeska akausahau mwaka elfu mbili hamsini.

Mwezi wa kumi na moja, asubuhi moja, alikuta mtu katikati ya maharage yake. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye buti na kompyuta bapa ya mkononi, jina lake Valentin, fundi wa vipimo. Alikuwa anapigilia vijiti vyenye vichwa vyekundu kwa mstari ulionyooka. Maharage yalikuwa yameanza kutoa maua.

"Wewe! Nani kakuruhusu?"

"Bonjour, Mama. Mi napima soko."

"Soko gani?"

Valentin aligeuza kioo. Jeska aliiona picha yake mwenyewe: chemchemi, kanisa, migomba ya Nazario, lile paa la buluu, na chini yake maneno yaliyopigwa chapa, kwa Kifaransa kisha kwa Kiswahili. Hapa hakuna kitu. Jeska, Butihinda.

"Ni wewe?" aliuliza Valentin, si kwa ubaya.

"Ni mimi. Lakini ile ilikuwa habari ya kubahatisha. Habari ya mwaka hamsini!"

"Eh, mwaka hamsini lazima ianzie mwaka fulani, Mama. Tumeanza na huu."

"Na haya maharage unayoyakanyaga, ni utabiri?"

Valentin alitazama miguu yake, akasogea hatua moja, akakanyaga mengine. Alieleza kwamba yeye hupima tu. Picha ipo, sahihi ya aliyehudhuria ipo, wananchi wameshirikishwa, na wafadhili wameipenda. Jeska alihisi hasira ikimpanda, na hasira mbaya zaidi ilikuwa ile iliyogeuka na kumtazama yeye mwenyewe. Angemtukana nani? Mkono uliochora ulikuwa wake. Mdomo uliosema ulikuwa wake.

Wakati huo Mzee Leonardi alikuwa amekwisha kutoka nyumbani kwa fimbo yake, akifuata mlio wa nyundo. Alipapasa kijiti cha kwanza toka juu mpaka chini. Akapapasa cha pili. Uso wake ukafunguka.

"Jeska! Hawa ni wa mahakama? Wanaweka mipaka?"

Jeska alimtazama Valentin.

"Karatasi imetoka," mzee alisema, akamwita binti yake kwa jina la mtoto wake. "Mama Eliud, nenda ukakate ile mikungu miwili ya nyuma ya jiko. Leo leo. Pombe inataka siku zake, nami simwiti Nazario kwenye kitu kibichi."

Valentin aliinamia vijiti vyake. Jeska alikwenda kukata ndizi. Alizikata kwa hasira, panga linaingia mpaka kwenye shina, na wakati mzee anazifukia shimoni huku akiimba, alikaa nyuma ya jiko akalia kidogo, kisha akanawa uso kwa sababu kulia hakuondoi kijiti.

Kesho yake alisafiri Gitega. Ofisi ya Kesho Yetu ilikuwa na bango ukutani, na kwenye bango alikuwa yeye, mrefu kuliko mlango, ameshika manila na kutabasamu. Magloire alimpokea kwa mikono miwili, akamtafutia kiti, akamfungulia Fanta. Laiti angekuwa mtu mbaya. Jeska angepata pa kuitua hasira yake.

"Mama Jeska! Picha yako iliwapendeza ba-bailleurs, bale wanatoa feza, kupita zote!"

"Nimekuja uifute."

Alimweleza yote: shamba, kesi, baba, maharage. Magloire alisikiliza huku tabasamu likimpungua kidogo kidogo. Jeska alipomaliza, yeye alisugua paji la uso.

"Mais Mama, nilikuuliza. Ulisema hakuna kitu."

"Nilisema. Sisi shamba lenye kesi hatulionyeshi."

"Mi ningejuaje?"

Swali lile lilikuwa la haki, nalo likamchoma. Kwa miaka yote ile waliwafundisha watoto kuficha, na hakuna aliyekumbuka kwamba kitu kikifichwa vizuri mno, hata mwenyewe atakosa pa kukionyesha.

"Basi ifute sasa."

"Mi niko wa ndoto tu, Mama. Hii imeshapita kwangu. Imekuwa plan, na plan iko bureau ingine." Alifikiri. "Hati ya shamba munayo?"

"Tungekuwa nayo ningekuwa hapa?"

"Basi leta jirani wa mpaka. Aseme mbele ya Valentin kama pale iko shamba ya mtu. Ushahidi ya jirani inasikilizwa." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akaongeza, "Na mwezi wa sita tunafanya atelier, mukutano ingine, ya mwaka sitini. Uje, uchore shamba yako muzuri, nitakupa manila mbili."

"Kaka Magloire," alisema Jeska akiinuka, "mimi nimekwisha kuchora." Fanta aliiacha mezani, haijaguswa.

Jirani wa mpaka. Upande wa chini kulikuwa na bonde, upande wa kushoto njia, wa kulia kanisa. Upande wa juu kulikuwa na Nazario.

Alimkuta uani kwake, anachambua kahawa kwenye mkeka. Jeska alisimama kwenye ua bila kuingia, kama inavyotakiwa kwa wenye kesi, na Nazario hakumkaribisha, kama inavyotakiwa. Kiswahili chake kilikuwa cha Kobero, alikobeba mizigo miaka mingi.

"Binti ya Leonardi. Kuna mutu amekufa?"

"Bado, Mzee Nazario."

Alimweleza kwa ufupi. Hakumwomba vizuri. Maneno ya kuomba yalimkwama, akamalizia kwa kusema ukweli wote, hata ule usiomsaidia: "Na najua soko likijengwa, sehemu yako itatazama barabara. Utapata. Hutakosa kitu."

"Najua. Yule wa buti alikwisha niambia." Nazario aliokota punje mbovu, akaitupa. Alikohoa muda mrefu. "Jumamosi nilikuwa ninakwenda Muyinga. Nifute rufaa yangu."

Jeska alidhani hakusikia vizuri. "Ufute?"

"Mi nimechoka. Watoto wangu wamechoka. Sehemu ya chini ibaki ya baba yako, ya juu ibaki yangu, kama wazee walivyokata. Miaka kumi na moja tumelisha ma-avoka, hao mawakili, tungelisha ng'ombe tungekuwa na maziwa." Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Nilitaka nife bila faili."

Jeska alishika nguzo ya ua. Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Jambo ambalo baba yake alilingoja miaka yote hiyo lilikuwa limekaa hapa, kwenye mkeka, kati ya punje za kahawa.

"Kesho nitakuja," alisema Nazario. "Sasa nenda, watu watatuona."

Alikuja, amevaa koti la kanisani. Valentin alikuwa ameongeza safu ya pili ya vijiti. Mzee Leonardi alikuwa amelala ndani, na Jeska alimshukuru Mungu kwa usingizi huo.

"Hapa pana shamba," alisema Nazario. "Nashuhudia."

"Sawa, Muzee. Iko ya nani?" Valentin alitoa kalamu. "Niandike. Mwenyewe atalipwa, soko itajengwa. Picha imeshapita, hairudi."

Jeska aliitazama ile kalamu. Kwa hiyo hata ushahidi haukutosha! Ukiwa si mtu, wanachukua bure, ukiwa mtu, wanachukua kwa risiti. Alitaka kuvichomoa vile vijiti kimoja kimoja na kumfuata navyo yule mtu mpaka Gitega.

Nazario aligeuka nyuma. Aliangalia sehemu yake ya juu, migomba yake, mahali ambapo barabara ingepita. Kisha akamgeukia Valentin.

"Ya nani? Hilo ndilo hatujui. Mi na Leonardi tuko mahakamani mwaka wa kumi na moja kwa ajili ya hapa. Faili iko Muyinga, nenda uisome kama una macho ya kutosha. Mi nimemaliza mbuzi wangu kwa kesi ya hii ardhi, na we unaniambia hapa hakuna kitu? Mutu anashitakia pengo?"

"Kesi?" Valentin alishusha kalamu. "Kesi iko wazi? Bado?"

"Bado kabisa," alisema Nazario. "Na mi siachi."

Valentin alikwenda pembeni kupiga simu. Alizungumza muda mrefu kwa Kifaransa, akirudia neno moja la hasira. Aliporudi alianza kuchomoa vijiti.

"Mungesema tangu mwanzo," alinung'unika. "Ba-bailleurs hawagusi terrain, ardhi ya kesi, hata kidogo. Tutatazama mlima ingine kwanza." Alikung'uta udongo kwenye kijiti cha mwisho. "Lakini kesi ikiisha tutarudi. Jina la mwenye kushinda, indemnité yake ya kulipwa shamba, soko. Plan ni ya mpaka mwaka hamsini, hatuna haraka."

Buti zake zilipotelea njiani. Jeska na Nazario walibaki kila mmoja upande wake wa mpaka, hawatazamani. Kwenye maharage kulibaki matundu mistari miwili.

"Jumamosi siendi," alisema Nazario hatimaye.

"Ndiyo, Mzee."

"Wakikuuliza mlimani, mi na baba yako ni maadui."

"Ndiyo."

"Na baba yako usimwambie. Ninamjua toka mbuzi. Ukimwambia asubuhi, mchana itakuwa imefika Mwakiro."

Ilikuwa kweli. Mdomo wa Leonardi haukuwahi kuwa na mlango.

Pombe ilikuwa tayari baada ya siku tano. Mzee aliionja, akasema haijawahi kutoka hivi tangu uhamishoni. Alimtwisha Jeska dumu na kumwagiza ampelekee Nazario bakuli la kwanza kwake, kama inavyofanywa unapomwendea mtu kwa jambo zito, kisha aje naye. Jeska alijaribu kupinga, kwamba asubiri, kwamba karatasi yenyewe hawajaishika, na mzee akamwambia, "Vijiti nimevishika kwa mkono wangu." Basi alikwenda, kwa sababu kukaa pale na kuutazama ule uso kulimshinda.

Nazario alisikia harufu kabla dumu halijatua. Alilisogelea. Aliweka kiganja juu ya kifuniko, akakiacha hapo.

"Ametia mtama wa kukaanga?"

"Ametia."

"Mama yake alikuwa anatia." Alimeza mate. Kisha akaondoa mkono na kuufuta kwenye suruali kama mtu aliyegusa moto. "Tukinywa, tumepatana. Tukipatana, kesi imekufa. Rudi nayo, Mama Eliud. Na upite njia ya kanisani, wakuone unarudi nayo imejaa."

Jeska alipita njia ya kanisani. Watu walimwona, wakatikisa vichwa, na mwanamke mmoja alisema kwa sauti kwamba yule Nazario ana moyo wa jiwe. Jeska aliuma ulimi. Mikono ilimuuma, shingo ilimuuma, na kila hatua alitamani kulibwaga dumu lile katikati ya njia na kupiga kelele mpaka Gitega wasikie. Kesi aliyoombea iishe kila Jumapili kwa miaka kumi na moja, sasa itabidi aiombee maisha marefu. Wataipokea watoto wake na wajukuu wa Nazario, watakwenda Muyinga kila baada ya muda kukata rufaa, wamevaa vizuri, na huo ndio mwaka hamsini ambao hakuna aliyeubandika kwenye manila.

Leonardi alikuwa ameketi mlangoni. Aliweka vigoda viwili, akakifuta cha mgeni kwa mkono wa shati. Mirija yote miwili alikuwa ameishika. Alisikia nyayo za mtu mmoja, kisha dumu likitua chini, zito.

"Amekataa?"

"Hajakataa, Baba."

"Anaumwa?"

"Hapana. Karatasi ndiyo bado. Vile vijiti vilikuwa vya kujaribia tu, wameviondoa."

Mzee aliigeuza mirija mkononi. "Lini sasa?"

Jeska alitafuta neno jingine. Alilitafuta kwa dhati, na hakulipata.

"Mwaka ujao," alisema.

Leonardi aliinua uso kuelekea ilikotoka sauti, akatega sikio, kama aliyesikia wimbo anaoujua ukiimbwa na mtu mwingine. Jeska aliona ameelewa kitu, na hakujua ni kiasi gani.

"Mwaka ujao," alirudia mzee taratibu. "Mama yako nilikuwa namwambia hivyo hivyo."

Alipapasa ukuta mpaka akafika kwenye paa la jiko, akaurudisha mrija wa Nazario mahali pake, na huu mwingine akamkabidhi binti yake anywe kwanza.